Cha soksi, cha glavu au cha kivuli? Kuchagua kikaragosi cha kumfunzia mtoto

Mabuyu hana mikono. Ni soksi ya kijivu iliyopoteza mwenzake, macho yake ni vifungo viwili vya kanzu, na kinywani nimemshonea kitambaa chekundu kilichobaki kwenye dera la dada yangu. Jina alipewa na watoto wenyewe kwa ajili ya kile kinywa, chekundu kama cha mtu aliyemaliza pakiti tatu za mabuyu kabla kengele haijalia. Siku ya kwanza nilipomtoa mkobani alininong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika darasa zima, kwamba hajapiga mswaki tangu juzi. Watoto 28 wakanyamaza. Kisha mmoja wa mstari wa mbele, ambaye kwa wiki 6 sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "naam, ticha", akainuka, akamwendea Mabuyu, akamshika taya. "Achama nione. Ushatoboka jino wewe!"

Tangu siku hiyo sijaviacha vikaragosi, na tangu siku hiyo naulizwa swali moja na kina mama wa mtaani, walimu wenzangu wa PP1 na PP2 (madarasa ya chekechea), na maalim wa vyuo vya Kurani vya Kisauni na Majengo hapa Mombasa: nitengeneze cha aina gani? Nimejaribu aina tano kwa mikono yangu, na ya sita nimeitazama sana kwenye runinga. Kila moja ina jambo inalolifundisha vizuri na jambo inaloliharibu. Nitaziweka bega kwa bega, ila sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazistahili nafasi sawa.

Mwenye haraka achukue haya. Kwa darasa la watoto wa miaka 3 hadi 6, anza na soksi yenye mdomo. Kama lengo lako ni kazi za mikono, kama kunawa, kugawana na kuokota taka, shona glavu. Kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea, waache wakate vivuli vyao wenyewe. Kwa mtoto mmoja mwenye jambo zito moyoni, chukua kikaragosi cha kidole na kaa naye kando. Kile kikubwa cha uwanjani kinafaa kwa hadhara, hakifai kwa darasa.

Kwanza, unataka kufundisha nini hasa?

Tunasema "tabia njema na stadi za maisha" kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Tabia njema ni jambo ambalo mwili wa mtoto hulifanya bila kukumbushwa: kunawa kabla ya kula, kupiga mswaki, kuvua viatu mlangoni, kutupa ganda la ndizi kwenye pipa. Stadi ni jambo la akili na ulimi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi 10 za msingi: kufanya uamuzi, kutatua tatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana, kuishi vizuri na watu, kujitambua, kuhisi anachohisi mwenzio, kuzimudu hisia na kuumudu msongo. Ukizipitia utaona kwamba karibu zote huonekana pale mtoto anapozungumza na mtu.

Ndiyo maana mimi huchagua kikaragosi kwa kujiuliza swali moja tu: baada ya onyesho, nataka mtoto afanye kitu kwa mikono, au aseme kitu kwa mdomo wake? Jibu hilo hunionyesha kama nichukue glavu au soksi. Wengi wanaoniambia kwamba vikaragosi "havikufanya kazi" kwao nimegundua walichukua kile kilichokuwa kizuri kwa macho. Nimeona mwanasesere wa kununua, mwenye nywele za dhahabu na viatu, akifundisha kunawa mikono huku vidole vyake vimeshonewa mfukoni.

Mdomo na mikono

Kikaragosi cha soksi kinafanya jambo moja tu, kuzungumza, na hilo kinalifanya vizuri sana. Kidole gumba chako kinakuwa taya la chini, vidole vinne vinakuwa taya la juu. Kosa la kila anayeanza ni kuinua vile vidole vinne. Kikaragosi kinaishia kutazama dari kila kinapotamka neno. Shusha kidole gumba, vile vinne vitulie. Mdomo ufunguke mara moja kwa kila silabi, na hapa lugha yetu imetubariki, maana silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu na kinywa kinabaki wazi: na-o-mba-ma-ji. Mtoto wa miaka minne aliyekaa mkekani anauona mdomo ukifunguka mara tano na anajua kwa hakika kwamba Mabuyu ndiye aliyesema, ingawa midomo yangu anaiona ikicheza. Huna haja ya kuficha sauti yako. Huna haja hata ya pazia. Mtazame kikaragosi anapozungumza, na watoto watamtazama yeye.

Macho nayo yana kanuni yake. Yashone karibu karibu, juu kidogo ya mdomo, yatazame mbele. Ukiyaweka mbali kama ya samaki, kikaragosi hakimtazami mtu yeyote, na mtoto asiyetazamwa hajibu.

Kipindi chetu kilichowagusa watoto zaidi kuliko vyote kilikuwa cha kupotea. Mabuyu alikwenda feri ya Likoni na mamake, akaachia mkono ili aone meli, watu wakapita, mama haonekani. Mama mmoja muungwana (hiyo ilikuwa soksi ya pili, kwenye mkono wangu wa kushoto) akamuuliza: "Mamako aitwa nani?"

"Aitwa Mama."

Watoto wakacheka hadi wakalala. Yule muungwana akauliza tena, "Wakaa wapi?" Mabuyu akasema, "Nyumbani." Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimepungua, na nikaona nyuso mbili tatu zikibadilika. Nikamfanya Mabuyu awaulize wao. Katika watoto 28, waliojua jina kamili la mama au baba walikuwa 11. Waliojua jina la mtaa wao ni wachache zaidi, na nambari ya simu waliijua wawili. Juma zima lililofuata walikuwa wakija asubuhi wakikimbilia mkoba wangu kumpa Mabuyu nambari za simu za nyumbani. Hawakuja kunipa mimi. Walimletea yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyepotea.

Kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja tu kutoka ukurasa huu, kumbuka hilo: kikaragosi kisijue. Mwalimu tayari yupo darasani. Mtoto ana watu wazima tele wa kumwambia nawa, kaa, nyamaza. Asichokuwa nacho ni mtu mdogo kuliko yeye, anayehitaji kufundishwa naye. Kikaragosi kinachohubiri ni mtu mzima mwingine aliyevaa soksi, na watoto wanalijua hilo ndani ya dakika mbili.

Sasa glavu. Hiki kina kichwa kidogo, kanzu, na mikono miwili. Kidole cha shahada kinaingia kichwani, gumba na kidole cha kati vinaingia mikononi. Mdomo wake haufunguki, kwa hiyo mazungumzo marefu yanakichosha, lakini kinaweza kushika. Kinashika mswaki, kijiko, sabuni, ganda la ndizi. Kinakumbatia. Kinajifuta machozi. Kwa tabia za mikono hakuna cha kukishinda.

Nilikuwa nikifundisha kunawa mikono kwa soksi, na watoto waliimba vizuri wakaenda kula bila kunawa. Nilipohamia glavu nilibadilisha mbinu. Nilimpaka kikaragosi manjano kidogo mikononi, ile bizari ya jikoni, nikampitisha safu kwa safu awasalimu watoto kwa mkono mmoja mmoja, "Hujambo, hujambo." Kisha nikawaambia wasalimiane wao kwa wao. Baada ya dakika moja nikawaambia watazame viganja vyao. Kila mmoja alikuwa na rangi, hata wa mstari wa nyuma ambao kikaragosi hakikuwafikia. Hapo sikuhitaji kueleza kwamba uchafu husafiri. Tukatoka nje kwenye mtungi, mmoja anamimina kwa kopo na mwingine anasugua, nyuma ya kiganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 20, hadi rangi ikapungua. Manjano haitoki upesi, na hiyo ndiyo faida yake. (Waambie wazazi mapema, kwa sababu shati jeupe la sare likishika manjano utalaumiwa, na kwa haki.)

Glavu inafaa pia kwa kuvuka barabara, ikitembezwa juu ya meza yenye kamba mbili za barabara na vigari vya makopo. Kwa kuwa Kenya magari hupita kushoto, kikaragosi kitazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kisha toka na watoto wafanye vivyo hivyo kwa shingo zao. Mtoto wa Mombasa hahitaji tu kujikinga na magari. Tuktuk na bodaboda huja pande zote, kwa hiyo mimi huongeza kusikiliza: kikaragosi kinaweka mkono sikioni kabla ya kukanyaga lami.

Hatari ya glavu ni mikono hiyo hiyo. Kikaragosi chenye mikono kinapenda kupiga. Ukiweka viwili wakigombania mpira, mmoja akimzaba mwenzake kofi, watoto watacheka kuliko walivyocheka siku yoyote, na kesho yake utaona makofi uwanjani. Msamaha uliouweka mwishoni hawataukumbuka. Mimi nilikosea hivyo mara moja, nikajuta. Siku hizi ugomvi wa vikaragosi vyangu huishia kabla ya pigo: mkono unainuka, unabaki hewani, kikaragosi kinawageukia watoto na kuuliza, "Nimekasirika. Nifanye nini na mkono huu?" Majibu yao yamenifundisha mengi. Mmoja alisema, "Uweke mfukoni." Mwingine akasema, "Mpe maji ya baridi anywe."

Nikiambiwa nichague kimoja kati ya hivi viwili nibaki nacho, nitabaki na soksi. Glavu inamwonyesha mtoto jambo la kufanya, ila soksi inamfanya aseme, na mtoto anayesema unaweza kumfunza mengine yote.

Kivuli

Hakuna kizuri kama hiki kwa macho. Shuka jeupe limefungwa kwenye mlango, taa nyuma yake, vipande vya katoni vilivyokatwa umbo la sungura, mbuyu, jahazi, na vijiti vya ufagio wa chelewa vikiwa vishikio. Ukisogeza umbo karibu na shuka linakuwa dogo na kali; ukilirudisha kwenye taa linakua jitu lenye kingo za ukungu. Karatasi ya peremende inayopitisha mwanga inakupa bahari ya buluu. Umeme ukikatika usiku, kurunzi ya simu inatosha, na nyumba nzima itakaa kimya pamoja na baba aliyesema ana kazi.

Sanaa hii ni kongwe. Karagöz wa Uturuki, ambaye jina lake maana yake ni "jicho jeusi" na ambaye anasikika ndani ya neno letu "kikaragosi", ni mchezo wa vivuli, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Inasikitisha kwamba sisi neno hilo tumelibakiza zaidi kuwa tusi la siasa, la mtu anayechezeshwa na wengine. Mtoto anapolisikia kwangu kwa mara ya kwanza hulisikia likiwa jina la rafiki, na nafurahi.

Lakini kwa kufundisha tabia, kivuli ni dhaifu, na sababu yake ni moja: mimi niko nyuma ya shuka. Siwaoni. Mtoto akikunja uso, akitaka kuuliza, akianza kulia, sijui. Nao, gizani, wanasikiliza kwa utulivu wa ajabu lakini hawajibu. Kivuli ni ndugu wa "Paukwa!" – "Pakawa!": kinafaa hadithi ndefu yenye sababu na matokeo, mvuvi aliyechukua hata samaki wachanga hadi bahari ikawa tupu, au mtoto anayeogopa giza akagundua kwamba jitu la ukutani ni koti la babu. Kwa hofu ya giza hasa, sijaona dawa nzuri zaidi. Mpe mtoto kurunzi na kiganja chake mwenyewe, atengeneze jitu na kulipunguza hadi liwe panya.

Na ujihadhari na mwanga wa pwani yetu. Nilialikwa kwenye shule moja saa nne asubuhi, ukumbi wa madirisha makubwa pande mbili, hakuna pazia. Nilikuwa na taa nzuri, vivuli vilivyochukua siku tatu kukata, na watoto 90. Hawakuona kitu. Nilimaliza hadithi kwa mdomo mtupu nikiwa nimesimama mbele ya shuka jeupe.

Kwa wakubwa, wa miaka 8 hadi 12, kivuli kinageuka kuwa chombo kingine kabisa, kwa sababu wao ndio watakaokitengeneza. Wapange wanne wanne: mmoja asimulie, wawili washike maumbo, mmoja ashike taa. Taa ikitikisika hadithi inaharibika, kwa hiyo aliyeshika taa, ambaye alidhani amepewa kazi ndogo, anagundua kwamba wote wanamtegemea. Kugawana kazi, kungoja zamu, kukubali kusahihishwa, vyote hupatikana kwenye kuandaa, kabla ya taa kuwashwa.

Vidole

Kikaragosi cha kidole ni kidogo kiasi kwamba wanaokiona vizuri ni watoto watano au sita tu. Kata kidole cha glavu kuukuu, chora uso, basi. Darasani hakifai. Kitandani kwa mtoto anayekataa dawa kinafaa, au barazani na mtoto mmoja.

Udogo huo ndio unaokifanya kifae kwa mambo mazito: mguso usiofaa, mtu anayemtisha mtoto, siri anayoambiwa asimwambie mama. Haya siyafundishi kwa onyesho la watoto 28 wakicheka. Kundi liwe dogo, sauti ya chini, na kikaragosi kiseme maneno matatu ambayo mtoto atayarudia: "Sitaki. Naondoka. Nitasema." Yarudieni mpaka yatoke kwa sauti kubwa, kwa sababu mtoto wetu amelelewa kumtii kila mkubwa, na "sitaki" haimtoki kwa urahisi.

Lakini usianze jambo hili kama hujajiandaa kusikia. Kidole chenye uso humfanya mtoto aseme asilokuwa amekuambia. Ikitokea, tulia, msikilize, usimdadisi kwa maswali ya kumpa jibu, usimwahidi kuwa hutamwambia mtu, na usimtumie kikaragosi kumhoji kana kwamba wewe ni askari. Mwambie amefanya vyema kusema. Kisha piga 116, simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ambayo ni ya bure na inapokelewa saa 24.

Kile kikubwa

Kichwa cha karatasi na gundi, kirefu kuliko mtu, kinabebwa mabegani. Katika miaka ya 1990 wasanii wa Kenya walizunguka na vikaragosi vya hadhara mitaani na sokoni kuzungumzia UKIMWI, wakati ambapo watu wengi waliona haya kulitaja neno hilo. Kikaragosi kililitaja, na watu hawakukimbia. Kwa siku ya usafi wa mtaa, kwa umati wa viwanja vya Makadara au Mama Ngina, kina nguvu hiyo bado. Kinahitaji watu wawili watatu wenye mazoezi, kipaza sauti, na siku isiyo na upepo mkali. Kusi likivuma ufukweni utapigana na kichwa badala ya kucheza. Walio chini ya miaka minne wengi hukiogopa. Niliona mmoja akilia mpaka akatapika, na kwa siku mbili akakataa kurudi shule. Kama lazima utumie, mwonyeshe mtoto kwanza kikiwa kimelala chini, agonge kichwa chake, amwone mtu akiingia ndani.

Na vya runinga na simu?

Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, kwa nini ujisumbue? Vipo tayari." Ni kweli vipo, na vingine ni bora kuliko chochote nitakachoweza. Sesame Street ilianza Marekani mwaka 1969 kwa kuwakutanisha wasanii wa vikaragosi na wataalamu wa elimu ya watoto. Mwaka 2002 toleo lake la Afrika Kusini lilimleta Kami, kikaragosi cha msichana wa miaka mitano anayeishi na VVU, ili watoto waliokuwa wakitengwa wamwone mwenzao akicheza na kupendwa. Sina uwezo wa kufanya jambo kubwa kama hilo.

Tofauti ni kwamba cha kwenye kioo hakisikii. Kinauliza, kinangoja sekunde tatu, kinasema "Vizuri sana!" hata kama mtoto amekosea au amelala. Kitumie ukiwa umekaa naye, simamisha, uliza, ngoja jibu la kweli. Bila wewe pale, mtoto amepewa burudani, na burudani si haramu, ila usitegemee kwamba kesho atanawa mikono.

Kabla ya kushona, omba ruhusa

Katika mji wetu hili si jambo la pembeni. Wapo wazazi na maalim wasiopenda maumbo yenye nyuso, na wana sababu zao za dini. Wengine hutaja hadithi iliyopokewa na Bukhari kuhusu Bi Aisha kucheza na wanasesere, na kwa hiyo huruhusu vya watoto. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachofanya ni kumwendea maalim kabla, nikiwa na Mabuyu mkononi, nimwonyeshe, nimweleze somo, nisikilize. Mmoja aliniambia nitumie wanyama tu, nikamshonea mbuzi. Mwingine alitaka macho yaondolewe. Nikatumia soksi yenye mdomo peke yake na watoto wakamwelewa kabisa. Na jambo moja silifanyi popote, kanisani wala chuoni: kikaragosi hakisomi aya wala hakisali. Heshima hiyo wazazi wameiona, na ndiyo iliyonifungulia milango.

Gharama, jasho na ukungu

Soksi ya mtumba ya soko la Kongowea, vifungo, sindano, kipande cha katoni cha kukaza taya: jioni moja imekwisha, pesa haifiki ya chakula cha mchana. Glavu inataka cherehani au mkono wenye subira, siku mbili. Kivuli ni rahisi kwa vifaa na ghali kwa muda. Kikubwa kinataka wiki nzima na mahali pa kukiweka.

Adui wa vyote hapa Mombasa ni unyevu. Vichwa vya karatasi na gundi ya unga hushika ukungu wakati wa masika, na mende huila ile gundi. Vitengeneze kati ya Januari na Machi jua likiwa kali, tia mafuta kidogo ya karafuu kwenye gundi, na uvianike mpaka vilie kama kifuu ukivigonga. Soksi ifue kila juma, kwa kuwa itabusiwa, itapigwa chafya na italishwa mahamri. Ninazo mbili zinazofanana, moja iko kambani na nyingine iko kazini. Watoto hawajui, nao wasijue.

Mkono wako nao utachoka. Dakika 10 za Mabuyu zinatosha, na watoto wa umri huo hawavumilii zaidi. Baada ya hapo nampeleka kwenye msumari ulio juu ya mtungi wa maji, uso wake umeelekea foleni. Pale haongei. Jana, kabla ya uji, nilimwona yule wa mstari wa mbele akisugua katikati ya vidole vyake, akavinyanyua vikiwa vinachuruzika, akamwonyesha Mabuyu kimoja kimoja hadi kumi.